Waya Chini ya Malenge

Mwende wangu,

Umetoka hapa sasa hivi. Uliingia na simu mkononi, ukazima taa ya jikoni niliyokuwa nimeiwasha bila sababu, ukazima redio ya Susu, bibi yako, akiwa bado anaisikiliza, halafu ukavuta kiti changu mpaka dirishani. "Mwaitu, mama, andikia hapa," ukasema. "Jua bado liko. Acha betri ijae." Hukuniuliza naandika nini. Nafikiri ulidhani ni orodha ya vitu vya kununua pale mjini Salama kesho kabla hujaendelea na safari.

Susu akanung'unika, "Huyu ameanza kazi kabla hajaandikwa. Kesho kutwa atanizima hata mimi."

"Susu, wewe huzimwi," ukamjibu. "Wewe uko kwa laini ya dispensari."

Mkacheka. Kisha ukainama juu ya bega langu ukanionyesha ule mchoro kwa simu, mstari unaopanda na kushuka kama njia zetu za vilimani hapa Kilungu. Hapa ni jua la leo likiingia kwa betri, hapa ni kinu cha Mzee Nzioka kikisaga, hapa ni watu wakirudi nyumbani na kuwasha taa. Ukasema ile kompyuta ya kontena la betri haisahau kitu. Hata usiku ule dispensari ilizimika, miaka minne sasa, bado uko mle ndani, saa kwa saa, laini kwa laini, na huko Matinyani unakoenda kujifunza kazi ya stima ndio somo lenu la kwanza. "Na mwalimu ni nani? Anko Mutiso! Mtu aliyechemsha chai mpaka chanjo za watoto zikaharibika. Atanifundisha nini, Mwaitu? Kupika chai?"

Susu akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka, Mwende. Hicho kicheko changu ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu.

Sitaandika habari ya sweta wala ya kula vizuri. Hayo Susu atakuambia mara kumi kabla hujafika barabarani. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ukiwa kidato cha kwanza na nilidhani nitazeeka nalo. Sasa unaenda mahali ambapo limeandikwa, na naogopa utalisoma kabla hujalisikia kwangu.

Haikuwa chai ya Mutiso. Ilikuwa mimi.

Nimeandika sentensi hiyo na nimetazama mlangoni kama mwizi. Uko nje unaanua nguo. Wacha niendelee kabla moyo haujanigeuka.

Unakumbuka stima ilipokuja? Paneli zikapangwa pale juu kwa uwanja wa kanisa, kontena likaletwa na lori lililokwama mara tatu, na ndani yake betri zimepangwa kama vitabu kwenye kabati. Sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ndio tuliochimba. Mashimo ya nguzo walichimba wanaume, lakini mtaro wa kwenda dispensari ulikuwa wetu, kwa sababu ule waya ulitakiwa kupita chini ya ardhi, mti usiuangukie wakati wa upepo. Kila mwanamke alipewa kipande chake cha kuchimba. Changu kilipita pembeni mwa shamba langu la mboga, hatua nane kutoka ukuta wa jikoni. Nilikichimba kwa siku mbili, nikaona waya ukilazwa, nikaufunika kwa jembe langu mwenyewe. Hakuna mtu kijijini aliyejua vizuri kuliko mimi ulipolala.

Kisha tukaitwa kanisani kupanga foleni. Mutiso alisimama mbele, kijana wa Kitui aliyeletwa kuangalia mitambo, shati limepigwa pasi, akatueleza kwamba betri si kisima kisicho na mwisho. Siku za ukungu jua halitoshi. Kwa hiyo kompyuta itakuwa ikikata watu kwa zamu, na ni sisi wenyewe tuamue nani akatwe kwanza na nani awe wa mwisho.

Mzee Nzioka akaruka juu. "Kinu kisikatwe! Kwani unga si dawa? Mgonjwa asipokula atapona?"

Watu wakampigia makofi. Mimi sijui nguvu ilitoka wapi. Unajua sikuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Niliacha shule darasa la nane nikiwa na wewe tumboni, na tangu hapo nilikuwa nikiketi viti vya nyuma. Lakini nilisimama. Nikasema, "Mzee, unga utausaga asubuhi. Mtoto hazaliwi kwa miadi, na chanjo haingoji ukungu uondoke. Dispensari iwe ya mwisho."

Kanisa lote likacheka, hata Mzee Nzioka. Ikaandikwa hivyo. Kinu kwanza, kisha mchomea vyuma, kisha nyumba zetu, na dispensari mwisho kabisa. Ile sheria ni yangu, Mwende. Nilitoka mle nikitembea kama mtu aliyerefuka. Nataka ujue hilo kwanza, ili ujue nilivunja nini.

Ile mashine ya kuangulia mayai ya mwethya unaikumbuka, lile sanduku la mbao lenye kioo. Ilizunguka nyumba kwa nyumba, na aliye nayo anaangulia mayai ya wenzake wote. Zamu yangu ya kwanza iliangukia mwezi wa saba, ukungu umekaa juu ya vilima kama blanketi lililolowa. Nyumba zilikatwa saa tatu usiku mpaka asubuhi. Niliifunika mashine na magunia, nikawekea chupa za maji moto, nikalala kando yake. Siku ya ishirini na moja tuliketi kuizunguka, wanawake kumi na wawili. Hakuna yai lililopasuka hata moja. Mama Kyalo akalivunja moja akanusa. Akasema, "Basi Mama Mwende ametuchemshia mayai, kilichobaki ni chumvi." Wakacheka. Hakukuwa na ubaya. Lakini mimi nilisikia kile kicheko cha zamani, cha wakati nilipopita sokoni na tumbo langu.

Walinipa zamu ya pili kwa huruma. Ukungu ulikuwa bado. Sikuweza kuketi tena kwenye lile duara, Mwende. Hiyo ndiyo sababu yote. Watu wakifanya makosa husema ilikuwa njaa, ilikuwa ugonjwa. Mimi sikuwa na njaa. Niliogopa tu kuchekwa.

Nilimwita fundi mmoja wa redio aliyekuwa akipita sokoni, mtu asiyejulikana huku. Nikamwonyesha pa kuchimba. Alifanya kazi asubuhi moja, Susu akiwa ibadani na wewe ukiwa shuleni. Akaunganisha waya mwembamba kwenye ule mnene, akaupitisha chini mpaka banda la kuku. "Ni kitu kidogo, Mama," akaniambia. "Laini hii haikatwi."

Na kweli haikukatwa. Usiku kijiji kizima kikiwa giza, banda langu lilikuwa na joto. Niliwaza, friji moja ya chanjo na taa mbili tatu, na sanduku langu dogo, kuna shida gani? Hapo ndipo lilipokuwa kosa la mtu mwenye kisomo kidogo kama mimi, au labda si la kisomo. Nilidhani laini isiyokatwa ina stima isiyoisha.

Mayai yakaanguliwa, karibu yote. Susu akatazama vile vifaranga akasema, "Kuku wangu hulalia mayai bila mashine na hajawahi kukatwa stima," lakini nilimwona akitabasamu. Wanawake waliimba hapo nje. Mama Kyalo akanikumbatia. Lakini kifaranga wa siku moja kwenye baridi ile ya Kilungu hafiki jioni bila joto. Kwa hiyo nikaweka zile taa mbili nyekundu za kuwapasha. Sanduku lilikuwa linakula kidogo, taa zile zilikula kama kinu. Sikujua. Zilikuwa zinaonekana taa tu.

Usiku wa tatu, karibu alfajiri, niliamka nikaona wekundu umepotea dirishani.

Nitakuambia nilichofanya, kwa mpangilio, maana huo mpangilio ndio unaoniuma kuliko yote. Kwanza nilikimbia bandani nikawafunika vifaranga na sweta yako kuukuu ya shule. Pili nikachukua jembe, nikafukua, nikaukata ule waya mwembamba, nikafukia. Tatu ndipo nikakumbuka dispensari.

Nilipofika juu kulikuwa kumekucha. Ilikuwa siku ya chanjo. Wanawake walikuwa wamepanga mstari na watoto mgongoni, wengine wametoka kule chini bondeni gizani ili wawahi. Nesi alitoka na lile boksi, akatazama kipimajoto, akatikisa kichwa. "Zimeharibika. Zote. Rudini nyumbani." Mwanamke mmoja simjui jina, leso ya kijani, akamwuliza, "Nirudi lini?" Nesi akasema, "Zikiletwa nyingine, Mama. Sijui lini." Yule mwanamke hakugomba. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni akaanza kushuka.

Sijamwona tena. Miaka minne, kila Jumanne ya soko natafuta leso ya kijani. Sijui kama alirudi, sijui kama yule mtoto alichanjwa. Labda alichanjwa wiki iliyofuata na leo yuko chekechea anapigana na wenzake. Labda. Hilo neno ndilo mto ninaolalia.

Wakubwa wa kampuni ya stima wakaja. Kompyuta ikawaambia laini ya dispensari ilivuta kupita kiasi usiku tatu mfululizo. Wakatafuta ndani ya dispensari, hakuna. Wakaingia chumba cha Mutiso kando ya kontena, kilichokuwa kwenye laini hiyohiyo, wakakuta birika la stima. Basi. Wakamwuliza, akasema hulitumia asubuhi kwa chai. Wakamwambia aseme ukweli. Akasema ndio huo. Nilikuwa nimesimama pale, Mwende. Nilikuwa karibu naye kuliko ulivyo wewe sasa na kamba ya nguo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Halafu Mama Kyalo akanishika mkono akasema, "Unaona hawa watu? Wanatuibia hata pumzi," na nikatikisa kichwa kama anayekubali.

Ulirudi likizo ukakuta ameambiwa aondoke. Ulilia. Alikuwa ndiye aliyekuruhusu kuingia kontena, ukiwa mdogo bado, akakufundisha kusoma ile namba ya betri. Ulisema hutamwamini mtu tena. Nilikupikia muthokoi, nikakupapasa mgongo. Watu wa hapa husema una chuki dhidi ya uzembe, ndiyo maana umefika mbali. Mimi najua nani aliipanda hiyo chuki, na ilipandwa kwa uongo.

Siku aliyoondoka alipita hapa kuaga, begi begani. Ilikuwa jioni, jua limetoka kidogo, na mimi nilikuwa nimehamishia zile taa nyekundu kwenye waya wetu wa halali. Alisimama akatazama bandani kwa muda. Akatazama shamba la mboga, pale udongo ulipokuwa bado mpya. Akasema, "Mama Mwende, vifaranga wako wamekua." Nikasema, "Ndiyo, Mutiso." Akasema, "Msichana wako ana kichwa. Asiache hesabu." Akaenda zake.

Nimeyageuza maneno hayo miaka minne. Alijua? Kama alijua, kwa nini hakusema? Nilisikia baadaye alianza upya huko Matinyani, akifuta vumbi kwenye paneli, kisha wakaona kazi yake, na leo yeye ndiye anayefundisha. Juzi alipopiga simu kusema nafasi imepatikana, mlete yule msichana, nilikaa chini palepale kwenye mawe ya jiko. Sijui anakuita kwa wema au anakuita ili siku moja akufungulie ule usiku akuoneshe mstari unaopanda, akuulize, unamjua nani mwenye banda la kuku? Usiku wa jana niliota unautazama huo mstari kisha unageuka kunitazama.

Mara tatu wiki hii nimefikiria kukuambia usiende. Nilitaka kusema Susu mgonjwa. Ungebaki, nakujua. Ungebaki na usingeuliza. Ndipo nikaona kwamba nataka tena kuvuta waya kutoka kwa mtu mwingine ili banda langu liwe na joto. Kwa hiyo utaenda. Kesho asubuhi utaenda.

Nimejifunza nini? Sijui kama ni kujifunza. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, basi nitakuambia ninachokiona. Ile mashine ina akili, kweli. Inajua jua limeingia kiasi gani, inajua betri imebaki kiasi gani, inajua nani wa kwanza na nani wa mwisho. Lakini haikujua chanjo ni nini wala kifaranga ni nini. Iliona tu laini ya dispensari inaomba, ikaipa, kama tulivyoiagiza, mpaka betri zikafika chini zikajifunga. Haikukosea. Ilimwamini aliyekuwa upande wa pili wa waya, na upande wa pili nilikuwa mimi.

Utaketi mbele ya hizo namba, Mwende. Siku moja utaona laini inavuta kuliko inavyopaswa. Nakuomba usianze na birika la mtu aliye karibu. Vaa viatu, ufuate mtaro kwa miguu, mpaka mwisho. Pengine utamkuta mama fulani amesimama mbele ya banda na jembe, ameogopa. Mwulize kwa upole. Mimi nafikiri, kama mtu angeniuliza kwa upole siku ile, ningesema. Au labda hapana. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Na usinitetee. Najua utataka. Utasema Mwaitu alikuwa peke yake, Mwaitu alikuwa mdogo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuzaa nikiwa na kumi na saba, na siku zile pia nilificha, nilifunga tumbo kwa leso chini ya sweta ya shule mpaka mwalimu akaniona nimezimia mstarini. Kuficha nimekufanya tangu zamani, ni kama mkono wangu wa kulia. Kwa hiyo nisipokuambia leo, sitakuambia.

Kitu kingine. Yale malenge pembeni mwa jikoni, ambayo majani yake unayapenda, niliyapanda juu ya ile sehemu ili mtu asichimbe. Kipande cha ule waya mwembamba kilikuwa chini yake. Asubuhi hii mlipokuwa kanisani nimekifukua. Kirefu kama mkono. Nimekifunga kwenye gazeti nikakiweka chini kabisa ya kyondo chako, chini ya maembe makavu. Nataka ukimpe Mutiso mkononi. Mwambie kimetoka kwangu. Lakini tangu saa tisa nimekuwa nikifikiri, hiyo nayo si kuficha? Kumtuma mtoto abebe waya wa mama yake, akasimame mbele ya mtu aliyekosewa, mimi nimekaa hapa Kilungu nachambua maharagwe?

Sijui nifanye nini. Nikikupa barua hii kesho njiani, utaisoma peke yako Salama, kati ya watu wanaouza mahindi, na sitakuwepo. Nikikupa leo, hutalala. Nikimpigia yeye kwanza, labda atasema usije. Basi hapo nitakuwa nimekuvunjia maisha mara mbili kwa waya mmoja.

Nakusikia nje unaongea na mtu kwenye simu. Unacheka kwa adabu, kile kicheko cha kuongea na wakubwa. Jua limefika kwenye miti ya kanisa. Nguo umeziacha begani.

Sasa unaniita. "Mwaitu! Ni Anko Mutiso, anauliza nitafika saa ngapi, anataka kuongea na wewe pia. Mwaitu, haraka, isikatike!"

Nakuja, mwanangu. Njoo nayo hapa ndani, ukae kando yangu, usikie nikiongea, maana nitamwambia sasa hivi kwamba usiku ule, Mutiso, ule waya ulikuwa